Jina la dalali kwenye uso wa Mzee Mabula

Alhamisi. Wadudu wa ziwani wameingia mjini tangu asubuhi, wingu zima, na nimefunga madirisha yote. Chumba kina joto. Afadhali joto kuliko kukaa barazani na kusalimiana na watu waliokwishaisikia habari yangu.

Niandike kilichotokea kwa mpangilio, kama ninavyoandika mambo ya wengine.

Jumatatu nilihudhuria mkutano wa mtaa huko Mkolani. Dalali mmoja analalamikiwa kwamba aliuza kiwanja kimoja kwa watu tofauti. Mwenyekiti aliwasimamisha watu mmoja mmoja, na kila aliyesimama nilimpiga picha na kuandika jina lake. Dalali aliposimama aliziba uso kwa kiganja. Aliyesimama baada yake kumjibu ni Mzee Mabula, fundi wa kuchomelea mageti, mmoja wa waliouziwa kiwanja hicho.

Niliporudi nyumbani nilizipanga picha kwa njia yangu ya siku zote. Kila kitu nakifanya ndani ya programu ileile ninayoandikia habari, ya maandishi matupu, ambayo ofisini wananicheka nayo kwa sababu haina vitufe vya rangi. Nikifungua folda humo, majina ya picha yanajipanga mstari kwa mstari. Nikibonyeza herufi moja, picha zenyewe zinatokea pembeni, ndogondogo, kila moja kama kucha ya kidole gumba. Zisizofaa naziwekea alama na kuzifuta kwa mkupuo. Kisha nayahariri majina ya mafaili kama ninavyohariri sentensi: nanakili safu ya majina ya watu, naibandika mahali palipokuwa na namba za kamera, nahifadhi. Mara moja kila picha inakuwa na jina. Najivunia njia hiyo. Nimewafundisha na wenzangu.

Safari hii, kabla ya kubandika majina, nilifuta picha moja. Ile ya dalali na kiganja chake. Haikuwa na faida.

Jina lake sikulifuta.

Kwa hiyo jina la dalali likaangukia picha iliyofuata, ya Mzee Mabula. La Mabula likaenda kwa mama aliyesimama baada yake, la mama kwa jirani yake, na hivyo hivyo hadi mwisho, kila mtu amevaa jina la mwenzake. Chini kabisa lilibaki jina moja lisilo na picha. Nililiona. Nikajiambia kuna mtu nimesahau kumpiga, nikaendelea.

Nilipohitaji picha ya dalali nilitafuta jina lake, mstari ukajitokeza, nikaituma ofisini. Sikuifungua kuitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na watu hao wawili mchana mzima, nawajua kwa sura, na bado niliamini neno kuliko macho yangu.

Jumanne asubuhi Mzee Mabula alikuwa juu ya ukurasa wetu wa mtandaoni, na chini yake maneno kwamba ndiye anayelalamikiwa. Kabla ya mchana picha ilikuwa imeenea kwenye makundi ya simu ya Mkolani nzima.

Koku, mhariri wetu, alinipigia na kuniuliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba kompyuta imechanganya majina.

Kompyuta haikuchanganya chochote. Ilifanya nilichoiambia.

Picha ikaondolewa, marekebisho yakawekwa, na mimi nikajaribu kuamini kwamba yamekwisha. Leo asubuhi nimekwenda Mkolani. Nilimkuta Mzee Mabula anapiga msasa geti la mtu, na mama mmoja anayeuza vitunguu mkabala naye anamtania kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mzee Mabula, kile kiwanja cha kona nishikie mimi. Ila ukishaniuzia, usimuuzie na jirani." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupiga nyingine?"

Nikamwambia kosa ni langu na kwamba marekebisho tumeyaweka.

"Nimeyaona, binti yangu kanisomea. Uso wangu uliuweka juu, mkubwa kama sinia. Samahani yako umeiweka chini, ya kusomwa kwa miwani."

Akaweka msasa chini na kunieleza kwa utulivu, na ule utulivu ndio ulionichoma. Huyo binti anaposwa. Jumamosi upande wa kijana walikuwa waje kutoka Sengerema kuzungumza mahari. Jana mshenga alipiga simu kusema wazee wameona wapumzike kwanza, kuna kazi ya shamba. Mzee Mabula alisema neno shamba polepole ili nilielewe. Watu wa heshima hawakwambii kwamba hawataki kuoa kwa tapeli. Wanakwambia kuna palizi.

Nikajitolea kuwatumia marekebisho yale kwenye simu zao. Akatikisa kichwa.

"Jambo la posa halitumwi kwa simu, mwandishi. Linapelekwa na mtu, anakaa, anasema, anaulizwa. Utakwenda wewe. Mshenga atakupokea. Na kamera uiache kwako."

Nikakubali.

Niliporudi nilifungua folda tena. Nimezipitia picha zote, moja moja, kwa ukubwa wake kamili, na kuandika kila jina kwa mkono. Ni kazi ya muda mfupi tu. Jumatatu sikuwa na haraka yoyote ya kunizuia kuifanya.

Nilitaka pia kuwapelekea wazee wa Sengerema picha ya dalali mwenyewe, waone kwa macho kwamba ni watu wawili tofauti. Sinayo. Niliifuta, na programu yangu nimeizoeza kufuta moja kwa moja bila kupitia kapu la taka, kwa sababu sipendi uchafu.

Kisha nikampigia Koku na kumwambia ukweli kuhusu ile kompyuta.

"Nilijua," akasema. "Kompyuta haikwenda mkutanoni Mkolani, kaka. Wewe ndiye uliyekwenda." Akaniambia marekebisho mapya yatakaa juu ya ukurasa, yenye jina langu. Nimeyaandika, nimeyatuma.

Miaka yote ya kazi hii nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimeingia kwenye sebule za watu siku zao mbaya kabisa nikauliza ilikuwaje, nani alikuwepo, una uthibitisho gani. Sikuwahi kufikiri jinsi mtu anavyojisikia akiulizwa hivyo naye hana karatasi wala picha, ana neno lake tu, na neno hilo lilishakosea mara moja.

Kesho asubuhi navuka daraja la Busisi kwenda Sengerema. Nitawaambia wazee wale kwamba Mzee Mabula ni mtu aliyeibiwa, na aliyemwibia mara ya pili ni mimi. Wakinikaribisha ndani nitajibu kila watakachouliza. Wasiponikaribisha, nitasema nikiwa nimesimama uani.