Menta Wangu ni Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafukuzwa kazini au nyumbani, maana sijui ni wapi watatangulia kunifukuza.

Mimi ni kibarua wa barabara hapa karibu na Kosele, kwetu ni Kakamega, shule niliachia darasa la sita, na tangu nije huku kazi yangu ni kurusha maramu, ule udongo wa kujengea barabara, kwa beleshi mpaka jioni mgongo unaniuliza kama mimi ni punda, kwa hivyo kampuni ilipotangaza kwamba vibarua wachache watafundishwa kuendesha rola, ile mashine ya kushindilia barabara, kila mmoja na menta wake, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Afisa wa mafunzo, kijana anayeitwa Maxwell, alitueleza vizuri kwamba menta ni mtu aliyekutangulia kwenye kazi, unakaa naye bega kwa bega, unamuuliza chochote bila haya, "Mchukue kama mama yako," akasema, kisha akasoma majina, na wangu akawa mama mkwe wangu.

Si mfano, mshauri. Ni mama aliyemzaa mke wangu Celestine. Jina lake sitaliandika hapa. Ameendesha rola tangu barabara za Migori zilipojengwa na hakuna anayemfikia, hilo nakubali, lakini kwetu na kwao pia mkwe hakai karibu na mama mkwe wake, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na rola ina kiti kimoja na kibao kidogo cha mwanafunzi ambacho ukikaa magoti yenu yanagusana.

Siku ya kwanza nilipanda upande wa kushoto, rola ikiwa imeshaanza kutembea, nikiangalia mbinguni, naye alipoona ni mimi akasema, "Ei, orwa!" yaani mkwe wetu, akashuka upande wa kulia, nami nikaona adabu ni nishuke pia, rola ikabaki ikienda peke yake polepole kama mzee anayekwenda kanisani mpaka Oyaro, dereva mwingine, akairukia na kuizima.

Tangu hapo ananifundisha akiwa chini, na haongei na mimi, anaongea na mashine. "Wewe rola, mwambie huyo mtu asikanyage breki kama anaua nyoka." Nami naijibu mashine, "Rola, mwambie mama nimesikia." Wenzangu wanaangua vicheko, wanauliza kama cheti kitaandikwa jina la rola. Maxwell anadhani tumegombana na mimi sijamweleza.

Juzi kulikuwa na wageni wa kampuni, wamepangiwa viti vya plastiki kando ya barabara, nami naelekea huko bila kujua nimepinda, ndipo mama akasahau mashine akanipigia kelele mwenyewe, "Chung'! Chung'!" nami nikasikia chunga, nikachunga sana, nikaenda polepole kwa uangalifu mkubwa, hata nilikuwa nimeanza kujisifu, kumbe kwa Dholuo, Kijaluo chao, ni simama. Nikavilaza viti vyote pamoja na kreti ya soda. Bahati wageni walikuwa bado hawajakaa. Maxwell akaniuliza, "Hukusikia ukiambiwa usimame?" Nikamwambia, "Nilisikia, ndiyo maana nilikuwa naenda polepole."

Sasa mtihani ni mwisho wa mwezi, atakayeanguka anarudi kwa beleshi na hakuna nafasi ya pili. Nataka niombe nipewe Oyaro, ambaye najua anafundisha kwa matusi na mwanafunzi wake mpaka leo hajui kurudi nyuma, lakini angalau ni mwanaume na vicheko vitaisha. Celestine amesema nikimkataa mama yake mbele ya watu, nitajipikia. Mgongo wangu hauwezi beleshi mwaka mwingine. Nifanye nini?

Kibarua, Kosele

DADA JERUSHA ANAJIBU:

Ndugu yangu, pole kwa mgongo na pole kwa soda. Nimecheka mpaka nikatoka machozi. Sasa nyamaza, nisikilize.

Kuna jambo umelificha nyuma ya adabu. Ungekuwa unaogopa mila peke yake, ungeomba dereva yeyote anayejua kufundisha. Wewe unamtaka Oyaro, ambaye umeniambia mwenyewe hafundishi, kwa sababu ni mwanaume. Hiyo ni haya ya kufundishwa na mwanamke, umeivalisha koti la mila. Ivue.

Heshima ya mkwe ni ya kweli, sitakuambia uitupe. Lakini inakukataza kukaa naye, haikukatazi kujifunza kwake. Yeye ameelewa hivyo tangu siku ya kwanza: alishuka, akaendelea kufundisha. Je, umemuuliza anavyotaka iwe? Hapana. Umeniuliza mimi, ambaye sijui hata rola inawashwaje.

Leo jioni mtume Celestine kwa mama yake. Usiende mwenyewe. Aulize kama yuko tayari kuendelea. Akikubali, kesho mweleze Maxwell bila kuzunguka: huyu ni mama mkwe wangu, hatuketi pamoja, lakini tunaweza kufundishana. Mwombe bendera, watu wa barabara hamkosi bendera. Nyekundu ni simama, na nyekundu haina Kiluhya wala Kijaluo. Mama ashike bendera akiwa chini, mahali unapomwona. Na kwenye kile kibao akae dereva mwingine, mguu karibu na breki, mdomo umefungwa, kwa sababu menta wako ni mama, hata kama jina lake huwezi kulitaja. Hao wanaocheka wameshika beleshi, usisahau hilo.

Mama akikataa, omba mwalimu mwingine, yeyote ila Oyaro, na Celestine awe wa kwanza kujua. Lakini sidhani atakataa. Mwanamke aliyevunja mwiko wake akakuita kwa kelele mbele ya wageni hataki urudi kwenye maramu. Mtume Celestine leo.