Mikono Chini

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Karakana ya Reli,
Jumamosi, 9 Mei.

Mpendwa kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua huko kwenye baridi kimetulia. Wifi hajambo? Na watoto, bado wanakushinda kwa kula? Sisi huku tunapumua, ndiyo salamu niliyo nayo.

Nianze na jirani yetu, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wa karakana kugoma bila kurusha hata kokoto, mpaka wakoloni watuachie nchi yetu. Jioni alisukuma vyerehani ukutani, watu wakaketi sakafuni, na wengine wetu tukaigiza polisi: kutukana, kusukuma, kupiga makofi. Mimi nilichaguliwa bila kura. Walisema mkono wangu ni mwepesi, nawe unaujua tangu utotoni.

Mdogo wetu Pilipili ndiye aliyetushinda mwanzoni. Kofi moja tu, tayari amesimama. Fundi akawa anamwambia, "Hasira hasara, mwanangu. Shika mkanda wako kwa nyuma, usiuachie." Maana wenzao wa mgomo uliotangulia walipoinua mikono kujikinga, polisi walidai wameshambuliwa, wakawafunga. Basi akazoea. Nilimpiga mpaka kiganja kikaniwasha, naye anatabasamu. Tulimshangilia, kaka.

Jumatatu iliyopita waliketi mbele ya lango la karakana. Polisi walipoingia na virungu, wengine walijikunyata, wakaficha vichwa magotini. Pilipili alikaa wima, ameshika mkanda, hakuinamisha hata shingo. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha kuficha kichwa. Wakubwa husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wetu alisikia.

Sasa yuko kitandani kwangu. Mkono wa kulia haushiki kijiko. Mimi ananiita mama, na mama hamwiti chochote. Daktari anasema tusubiri, ila hasemi tusubiri nini.

Majirani wanakuja kutupongeza kwamba hakuna aliyerusha jiwe, na kwamba dunia imeona. Huenda. Mimi nautaka uhuru kama wao, lakini naogopa, na nimechoka kuitikia ahsante.

Kubwa ni mama. Keshokutwa wanakaa tena langoni, naye amesema nafasi ya mwanawe haitabaki wazi. Nimelia, nimenuna, nimemfichia viatu. Akasema atakwenda peku. Fundi alipojaribu kumzuia alimjibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe nifundishe tu."

Fundi alikataa, akaondoka. Leo asubuhi mama alivua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni mbele yangu, mikono nyuma. "Nipige," akasema, "nisije nikawaaibisha watu." Kaka, mama yetu huyu. Nilitoka nikasimama uani mpaka nguo zikakauka kwenye kamba. Niliporudi alikuwa bado ameketi vilevile, ananisubiri.

Mama anakusikiliza wewe tu. Ningekuomba umkataze, lakini barua hii itakapokufikia, Jumatatu itakuwa imeshapita.

Nisalimie wifi na wanao wote, na baba mdogo ukimwona huko bandarini. Shemeji yako anakusalimu, yuko uani anachemsha maji. Pilipili naye anakusalimu, nadhani. Mungu awafunike huko mliko, na akipata nafasi atutazame na sisi.

Mimi dada yako akupendaye,
asiyejua la kufanya.