Sindano Saba Nyuma ya Jemu

Mpendwa Mama Sunnvá, naomba unisaidie. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi kisiwani Suðuroy na mume wangu Høgni, na huu ni mwaka wa nne nina ugonjwa wa Crohn, ule wa vidonda vya utumbo visivyokwisha. Mwaka jana nilianzishiwa sindano ya kujidunga mwenyewe pajani kila baada ya wiki mbili, nikapata nafuu mpaka nikanenepa, basi kondoo walipoanza kuzaa mwezi wa Mei mwaka huu nikawa nashinda malishoni, nikaruka sindano moja, sikufa, nikaruka ya pili, na kufikia Agosti zilikuwa saba zimejipanga kwenye friji nyuma ya jemu, na Høgni hajui kwa sababu jemu hali.

Maumivu yakarudi kwa kishindo, nikasafirishwa Copenhagen kupigwa picha, na daktari wa kule akaniambia utumbo mwembamba umebana, kisha akaniuliza, "Sindano unadunga bila kuruka?" Mama, nilishikwa na aibu, nikajibu neno letu la kila siku, "Kanska," yaani labda. Akacheka, akasema, "Nyinyi watu wa visiwani! Nimeshawazoea, labda yenu ni ndiyo," akaandika. Nami nikacheka naye!

Juzi ikaja barua: tiketi ya ndege na tarehe ya upasuaji, wiki mbili zijazo, na sababu imeandikwa, "Dawa imeshindwa." Nilikaa sakafuni pale pale jikoni. Dawa haikushindwa, ni mimi sikuidunga! Høgni ananituliza, "Mke wangu, si kipande tu? Kila Oktoba tunakata matumbo ya kondoo hapa nyumbani na hakuna anayelia." Nikamwambia, "Kondoo atalia vipi na ameshakufa?" Sasa niende nikakatwe ninyamaze, au niahirishe nianze kudunga hizo saba kimyakimya, maana kisu nakiogopa, na kuitwa mwongo naogopa zaidi?

Mla Jemu, Suðuroy

Mla Jemu, nimesoma barua yako nikavua miwani, nikaivaa, nikasoma tena. Saba! Nami nilidhani katika safu hii nimeshaona yote.

Pole kwanza. Ugonjwa huu unachosha, na mtu akipata nafuu husahau alikotoka, wewe si wa kwanza. Lakini mwanangu, umemwacha daktari achague kati ya kisu na dawa huku umemficha nusu ya habari! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha dawa, kilio ni kilekile. Kanska tunaisema tukiulizwa kama meli itavuka kesho, kwa sababu ukungu hauna bosi. Sindano zina bosi, na bosi ni wewe.

Sasa sikiliza. Hizo saba usiziguse. Dawa ikiachwa muda mrefu mwili unaweza kuikataa, na wa kuamua kama utaianza tena ni daktari. Wala usifute safari. Piga simu kliniki ya huyo daktari leo, sema, "Sijadunga tangu Mei." Kisha uliza: pale palipobana ni uvimbe ambao dawa inaweza kuushusha, au ni kovu gumu lisilosikia dawa? Kama ni kovu, huenda kisu ndicho msaada wako hata ungedunga zote, na baada ya hapo bado wengi huhitaji dawa, kwa hiyo tabia ya kuruka uiache sasa. Na ukianza kutapika, tumbo likajaa na hata upepo hautoki, usingoje simu ya mtu, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Høgni mwambie kabla ya chakula cha leo. Atafoka kidogo, halafu atakaa nawe kwenye ndege.

Tena unaniambia unaogopa daktari atakuonaje! Mwanangu, huyo ndiye atakayeuona utumbo wako kwa macho yake. Unamwonea aibu ya nini?