Sketi ya Katani Ofisi ya Kodi

Ilomba, Jumanne

Eti sketi ya katani ni nguo ya kawaida. Nimekunywa chai vikombe viwili na bado maneno yale yamenikaa kooni.

Asubuhi nilipeleka ofisi ya kodi hesabu za kazi yangu ya kucheza ngoma, pamoja na gharama za mavazi. Dada wa dirishani akazikata zote. Hizi ni nguo za kawaida, matumizi yako binafsi, akasema. Nikamwuliza ni nani Mbeya hii aliyewahi kumwona mtu sokoni na njuga miguuni. Hakucheka.

Halafu risiti. Mama Tuli, fundi wangu wa cherehani, hana mashine ya risiti, na siku ile hakuwa na karatasi. Aliniandikia nyuma ya bahasha ya sadaka, na mimi mjinga nikaipeleka hivyohivyo. Dada akaigeuza, akasoma jina la usharika.

"Kaka, sadaka haipunguzi kodi."

Hilo kosa ni langu, nakubali. Lakini mavazi yakikataliwa, hesabu itaonyesha nina faida ambayo mkononi sijawahi kuiona, na njuga mpya ndiyo basi tena.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu alipoichukua picha niliyoambatisha, nimevaa kila kitu. Akaitazama sana. Akaniambia mdogo wake anaagwa kabla ya harusi, ana sendofu Mafinga mwezi ujao, na wanatafuta mcheza ngoma.

"Ila uje na hivi vya kwenye picha," akasema. "Usije ukaja na nguo za kawaida."