Mwenzangu Yuko Njiani

Shoga yangu Zuwena,

Hali siwezi kukuuliza, kwa hivyo nakuombea tu huko uliko pawe na nafasi na pawe na mwanga. Mie mzima. Goti lile lile, sukari ile ile, na nyumba hapa Ghubra, huku Uarabuni, kimya mpaka nasikia friji inavyonguruma.

Miezi minne sasa. Baada ya alasiri simu hailii. Ulikuwa ukipiga hata kama huna la kusema, ukaniuliza nimepika nini, kisha ukanikosoa. Wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiarabu, na hawana makosa, ndivyo walivyokua. Juzi nilikaa kutwa nzima sijatamka neno moja la kwetu. Mwisho nikatoka uani nikamtukana paka wa jirani, alimradi ulimi usishike kutu. Nna upweke, shoga. Sikufichi.

Jumatatu binti yako Raya alikuja kutoka Mabela, kaniletea kuponi aliyoikuta kwenye mkoba wako. Chakula cha jioni, watu wawili, ile hoteli yetu ya ufukweni, na mwisho wake wiki hii. Akaniambia, khala, kama anavyoniita tokea mdogo, nenda na mtu. Mtoto wa watu kasema kwa wema, lakini nende na nani? Mtu wangu ni wewe.

Basi nikenda peke yangu. Nilivaa lile baibui ulilosema linanifanya nijione mke wa balozi. Mlangoni wakaniuliza tuko wangapi, ulimi ukaniponyoka: wawili, mwenzangu yuko njiani. Sijui kwa nini nilisema vile. Labda haya, mwanamke mtu mzima kuja hotelini kula peke yake kama aliyekosa watu. Labda kwa kuwa lile neno jengine nilikuwa sijalitamka hata siku moja. Watu nawaambia Zuwena katangulia, Zuwena kapumzika, Zuwena hatunaye. Kusema umekufa, mdomo ulikataa.

Wakanipa meza ya watu wawili, sahani mbili, vikombe viwili. Nikawa nimejifunga mwenyewe. Ushasema mwenzio yuko njiani, utaanzaje kula? Nikazunguka meza za vyakula mikono mitupu kukagua kwanza, kama ulivyonifunza. “Bafe ni kamari, shoga,” ulikuwa ukisema. “Ukikimbilia wali, umeliwa.” Mie nikitoa astaghfirullah, wewe ushafika kwenye nyama. Bokoboko, ngano yetu ya kupondwa na nyama, ilikuwepo, wameiandikia kwa Kiarabu harisi. Nikakumbuka siku ile ulivyomwita mpishi, Mhindi wa watu, ukamwambia kwa Kiarabu chako cha Unguja kuwa hii yataka samli, na hukubanduka pale mpaka akaenda kuileta. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Sasa naitamani ile aibu.

Mhudumu wa meza yangu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Tanga, Mwanaidi jina lake. Kanisikia nikinung'unika peke yangu kuwa bokoboko imepoa, akaja mbio, kafurahi kupata mtu wa kusema naye. Lakini kila akipita ananiuliza, mama, mwenzio bado? Mara ya kwanza nikamwambia foleni za barabara ya Mabela. Mara ya pili nikamwambia kashafika, anatafuta pahala pa kuegesha gari. Wewe, Zuwena, uliyekuwa hujui hata mlango wa dereva uko upande gani! Nilicheka peke yangu, na wa meza ya pili wakanitazama. Walikuwa familia, mama anawakatia watoto nyama, baba anamwekea mama vipande vizuri. Nikainamisha macho.

Halafu wakaja jamaa zao wengine, viti vikawapungukia. Mwanaidi akaja akashika kiti chako. Akaniuliza, nikichukue, mama, au anakuja?

“Kichukue,” nikamwambia. “Mwenzangu kafa.”

Lilitoka hivyo tu, kavu. Hakushtuka, wala hakuniita mwongo. Alikipeleka kiti, akarudi, akainama karibu na sikio langu.

“Mliagana?”

Nilichukua kitambaa cha kufutia mikono nikajifunika uso, na yeye akasimama pale akinikinga na watu mpaka nilipotulia.

Hatukuagana, Zuwena, na kosa ni langu. Hilo ndilo hasa ninalokuandikia, mengine yote nimezunguka tu. Tokea tungali wasichana, hata safari ya siku moja ya Nizwa hatukwenda bila ya kutakana radhi. Siku ile hospitali ulinishika mkono ukaniambia, “Shoga, tutakane radhi.” Nami nikakukemea. Nikakwambia wacha upuuzi wako, unakwenda wapi wewe? Ukacheka kidogo, ukageuza uso ukutani. Mie nikaanza kukusimulia harusi ya mtoto wa jirani, nani kavaa nini, maneno hayana kichwa wala miguu, na wewe ukaitikia kwa adabu. Niliona nikikupa radhi ndiyo nimekuruhusu wende. Asubuhi yake Raya akanipigia. Wewe ulikuwa tayari, mie ndiye niliyeogopa, na kwa woga wangu nikakunyima haki yako.

Tokea usiku ule wa hotelini najiuliza ulikuwa unataka kusema nini. Pengine ulikuwa na jambo. Pengine hukuwa nalo, ulitaka tu tufanye kama tulivyozoea. Sitojua, na inaniuma.

Basi sikiliza sasa. Yote uliyonikosea, ninayoyajua na nisiyoyajua, nimekusamehe duniani na akhera. Lile la kunicheka mbele ya mawifi zangu, limekwisha. Lile la kunificha ugonjwa wako mwaka mzima, hilo lilinikaa rohoni, nalo nimelitoa. Na wewe nisamehe, shoga. Nisamehe yote, na zaidi nisamehe ile siku. Jibu sitolisikia, najua, lakini ombi nimelileta.

Nakuahidi jambo moja. Mtu yeyote akinishika mkono akataka kuniaga, awe Raya, awe nani, sitomkatiza tena. Nitakaa kitako nimsikilize mpaka amalize, hata moyo ukinipasuka.

Nenda, Zuwena. Nimekuruhusu.

Shoga yako,
Asila