Eti Pumzi Ni Pumzi

Jumanne

Eti pumzi ni pumzi. Ndivyo alivyosema kocha wetu wa mchezo wa upanga, baada ya kutukimbiza barabara ya mlimani ili achague wa kwenda mashindano Dar. Nimekuwa wa mwisho. Wa kwanza ni Zuhura, ambaye tangu utotoni alikuwa akishusha matenga ya mboga kwa njia hiyo hiyo.

Nilimwomba kocha kwa adabu atupime tukiwa na upanga mkononi. Akacheka. Zuhura mwenyewe akamwambia, "Kocha, mlima nimeuzoea tu. Kwenye upanga huyu dada ananimaliza."

Hakusikia. Basi jioni tukajipima wenyewe ukumbini, kofia za waya usoni, magoti tumeyakunja, mbele na nyuma tukifuata mlio wa simu unaozidi kwenda kasi. Zuhura akachoka, akakaa chini. Mimi nikaendelea, na kocha yuko mlangoni anatazama.

Akasema, "Wewe hiyo umeizoea."

Mtu mzima kabisa. Nimeizoea kwa sababu ndiyo mchezo wenyewe.

Naogopa ataniacha kweli. Akiniacha, huko Dar awatafutie wapinzani mlima wa kukimbia.