Kilio cha Sehemu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi, daftari. Nimekutupa muda mrefu. Tangu Koku aanze kutembea sina hata mkono wa kushika kalamu. Leo amelala mchana, mvua inanyesha, na Deo amesimamisha kazi yake. Ndiyo maana naandika.

Kazi yenyewe: mume wangu anataka kuwa DJ wa kutafsiri muvi. Kibandani kwake Miembeni anawaingizia watu muvi kwenye flashi, lakini anasema jina wanapata wenye sauti. Amenunua maiki. Anarekodi hapahapa nyumbani, mtaani Bakoba, chumbani, mchana majirani wakiwa kwenye shughuli zao. Mvua ikipiga bati hawezi. Anakaa, ananuna.

Mimi naipenda mvua.

Jumatano, 5 Machi

Muvi anayotafsiri ni ya Kizungu. Sehemu tatu. Mwanaume anaoa. Anamchukulia mke simu, kwa upole. Halafu ufunguo. Halafu anaanza kumfungia ndani. Picha zote ziko upande wa mke. Tunajificha naye nyuma ya mlango, tunasikia viatu vinakuja. Inatisha.

Deo anaongea juu yake: "Wana Miembeni, mnamwona huyu demu? Hasikii! Kaambiwa akae, kasimama! Ngojeni jamaa amfundishe adabu!" Mke akifungua mdomo, anamwekea sauti nyembamba ya mbuzi.

Aliyeitengeneza alitaka tuogope. Deo anataka tucheke. Niliicheka ile sauti ya mbuzi. Kisha nikamwona yule mke usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza mbona wanawake wa muvi zake wote ni wale wale. Wazuri, wajinga, wanapigwa, polisi hawawaamini mpaka wafe. Akacheka. "Mama Koku, yaani hicho kidato cha nne ndicho kije kunifundisha biashara?"

Kisha akachukua simu yangu. Eti inaingiza kelele kwenye maiki. Hajairudisha.

Aliichukua kwa upole.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Vitenge vinapita barabarani, ngoma zinasikika. Jua kali. Hakuna hata wingu.

Kwenye sehemu ya pili mke anaburutwa kwenye ngazi. Deo anasema kilio chake hakisikiki chini ya maneno. Akataka nilie mimi. Nikalia kidogo, vibaya, kama mtu anayeigiza. Rudia. Nikarudia. Nikasema nimechoka, uji wa mtoto uko jikoni.

Akanishika mkono, akaupindisha mgongoni mpaka bega likaalika.

Nikalia.

"Hicho sasa!" Akanibusu kichwani, akaenda kusikiliza alichorekodi.

Koku alikuwa amesimama mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Bega limevimba. Nambeba mtoto upande mmoja. Ufunguo wa mlango wa mbele sasa anakaa nao yeye, anasema wezi wamezidi. Bado hajanifungia ndani. Bado.

Naijua hadithi hii. Namsikia akiitafsiri kila siku.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda Miembeni kununua nyanya. Kwenye banda moja la video nikasikia kilio. Changu. Wanaume wakaangua kicheko. Bodaboda mmoja: "Oya, huyo demu anajua kulia!" Mwingine: "Rudisha nyuma, rudisha!" Wakarudisha. Nikajisikia tena, nimeshika nyanya zangu.

Mama Shufaa alikuwa nyuma yangu. Ni mwenye nyumba wetu, anaishi upande wa pili wa ukuta. Akasema taratibu, "Mwanangu, sauti hiyo niliisikia ukutani kabla haijafika kwenye tivii."

Nyumbani Koku akawa anampiga mwanasesere wake. "Hasikii! Hasikii!" Nikamkamata mkono. Sikumfokea. Nikamwambia, "Anasikia, mama. Anasikia vizuri sana."

Alhamisi, 13 Machi

Deo yuko kibandani. Nimeangalia sehemu ya tatu. Mtoto amelala, nikazima sauti kabisa. Hakuna Kizungu, hakuna DJ. Nilitaka kuona kama yule mke anatoka.

Hatoki. Polisi anaokota kiatu chake kwenye majani. Halafu picha inabaki kwenye uso wa yule polisi, anasikitika, mpaka majina yanapanda. Sehemu zote tatu tuko na mwanamke, mwisho tunapewa huzuni ya mwanaume. Yeye kabaki kiatu.

Nimekasirika.

Kesho Deo anarekodi hiyo sehemu ya tatu. Amesema atanihitaji.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Asante Mungu. Deo akaenda kibandani kungoja ikatike, mlango hakuufunga.

Nikagonga ukuta. Mama Shufaa akaja na kapu lake. Hakuuliza. Akapakia nguo za Koku, akafunika kwa khanga, akatoka nalo kichwani kama mtu anayepeleka nguo kwa fundi. Mimi nikafuata baadaye, mtoto mgongoni, mikono mitupu. Kiatu chake kimoja kikadondoka mlangoni. Nilikisikia. Sikugeuka.

Stendi alinipa kapu. "Nenda kwa mama yako." Kondakta wa basi la Muleba alikuwa anafunga mlango.

Jumapili, 16 Machi

Muleba, kibanjani kwa Mama, kwenye shamba lake la migomba. Siku ile nilipofika aliniangalia bega, akaenda kumenya ndizi kimya. Leo baada ya misa ndiyo kasema. "Amepiga simu. Anakuja na wazee wake, kuomba radhi."

Nikautazama mlango.

"Waitu, mwanangu, waje. Watanikuta mimi barazani. Wewe utakaa ndani, na ufunguo utakaa nao wewe."

Koku amelala. Kimya. Migomba tu inapepea.

Kesho nitampigia Mama Shufaa kwa simu ya Mama. Yeye ndiye mwenye nyumba, ana ufunguo wake wa mlango. Nisije nikasahau vya kutumiwa:

Kadi ya kliniki ya Koku. Cheti chake cha kuzaliwa, bahasha ya kaki chini ya godoro. Cheti changu cha kidato cha nne, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Simu yangu, kama ameiacha. Blanketi la njano. Mwanasesere. Flashi nyekundu yenye kilio changu, hata kama mji mzima wameshagawana.

Kiatu cha Koku cha kushoto. Kiko mlangoni. Kisibaki pale.